Vioo Visivyo Ndugu

Kama gazeti la wiki jana lilikupita, hujapitwa na mengi. Mikosi yangu nimekuwa nikiitoa kwa mafungu, na fungu la leo ndilo zito.

Naitwa Ikupa. Nilikuwa mwalimu wa kemia, nikaacha kazi kwa hiari yangu ili niyeyushe chupa. Nakata chupa za bia na za soda, napanga vipande juu ya kalibu ya udongo, naviingiza tanurini mpaka vishikane, kisha naviacha vipoe taratibu ndani ya majivu. Hutoka sahani, bakuli na vidani.

Kwanza paa la karakana yangu ya Bariadi mjini liliungua. Kisha duka la wageni kule Lamadi likanirudishia mzigo mzima, nusu yake ikiwa imevunjika njiani. Nikahamia Sapiwi, kwenye ua wa Milembe, mjane aliyekuwa akichochea tanuri langu. Niliamini pale ndipo mwisho wa kuanguka.

Sikuwa nimepima vizuri.

Mabakuli matatu niliyouza kijijini yalipasuka yenyewe, moja baada ya jingine, katika nyumba tatu. La mwisho lilikuwa la Bujiku, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote pale. Lilikuwa juu ya kabati, hakuna aliyeligusa. Likasema "ti", likawa vipande viwili. Kesho yake mvua ilinyesha na radi ikaua ng'ombe wake waliokuwa wamejibana kwenye ua wa katani.

Watu hawakuja kwangu. Hilo ndilo nataka lieleweke. Bakuli nilichora mimi, nikakata mimi, nikapanga mimi. Lakini wao walitafuta macho.

Macho ya Milembe ni mekundu. Tanuri letu linakula maganda ya mbegu za pamba, na moshi wake unakwaruza kama mchanga. Mimi navaa miwani ya kazi. Yeye alisema inambana masikio. Basi. Huo ndio ukweli wote wa macho yake, na daktari yeyote angeukubali.

Ila huku Usukumani mwanamke mzee mwenye macho mekundu hahitaji kuwa amefanya jambo ili aitwe mchawi. Kila mtu mzima anajua yaliyowahi kuwapata wanawake wa namna hiyo. Nitaishia hapo.

Wiki jana nilikuacha pale Bujiku alipoingia uani na wazee wawili wa Sungusungu, walinzi wa kijiji. Alinisalimia mimi. Hakumsalimia Milembe.

"Mwalimu, hatukukujia wewe," alisema. "Wewe ni mgeni. Tunamtaka mwenye moto."

"Mwenye moto ni mimi. Yeye anachochea tu."

"Ndiyo hivyo. Anachochea."

Mzee mmoja akachekea puani.

Milembe alikuwa amekaa kwenye kigoda, anachambua maganda. Hakuinua kichwa. Mikono yake tu ndiyo ilikwenda haraka zaidi.

Nilichukua vipande vya bakuli la Bujiku nikaviweka juani. Nilikuwa nimekwisha kuvichunguza, na kosa nilikuwa nimelipata. Ukingo wa kijani ulikuwa wa vioo vya dirisha nilivyookota kwenye nyumba iliyobomolewa karibu na stesheni ya Malampaka. Kitako cha kahawia kilikuwa chupa ya bia. Nilivichanganya kwa ajili ya rangi.

"Kioo cha dirisha na kioo cha chupa si kitu kimoja," niliwaambia. "Vikiwa vya moto vinakumbatiana. Vikipoa, kimoja kinasinyaa kuliko mwenzake. Vinabaki vinavutana humo ndani, hata miezi, mpaka siku vinaachana. Hakuna mkono wa mtu."

"Vinagombana," alisema Bujiku.

"Vinavutana."

"Kwa nini vivutane? Si vioo vyote?"

Darasani ningeandika fomula ubaoni, wanafunzi wangeinakili bila kuielewa, na kipindi kingekwisha. Pale uani hapakuwa na ubao. Nikatafuta neno.

"Kwa sababu si ndugu," nikasema.

Neno lilikaa. Niliona likikaa. Wazee walitazamana, mmoja akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyewahi kugawana ng'ombe wa urithi na ndugu wa kambo. Hata Milembe aliacha maganda, akainua macho, akanitazama kwa makini kuliko wote.

Nilifurahi. Mwalimu hufurahi anapoona darasa limeelewa.

"Vizuri," alisema Bujiku. "Basi tutengenezee kimoja cha ndugu watupu."

"Nitatengeneza sahani ya chupa moja. Chupa moja tu, hakuna kingine. Ifungiwe kwenye kabati la mtendaji mpaka siku ya gulio. Ikitoka nzima, mtamwacha huyu mama."

"Na ikipasuka?"

"Haitapasuka."

"Mwalimu, mimi sijauliza hilo."

Akajijibu mwenyewe, na sasa alikuwa anamtazama Milembe kwa mara ya kwanza.

"Ikipasuka, huyu anahama. Na huko aendako, habari zake zitatangulia."

Habari kama hizo zikimtangulia mtu, hakuna anayemfungulia mlango. Wapo watakaomngojea njiani. Milembe hana mtoto aliye hai, hana kaka, hana nyumba nyingine. Nilijua haya yote nilipokubali. Nilikubali kwa sababu nilikuwa na hakika na chupa.

Niliikata sahani ile kama nafanya mtihani. Chupa moja ya bia. Niliiosha, nikaikausha, nikaifuta kwa spiriti. Nilipanga tabaka la chini kwenye kalibu, nikaweka tabaka la juu, nikakagua kila ukingo. Kisha nikagundua maganda yaliyokuwa karibu yalikuwa na unyevu.

"Mayu, nakwenda kuchukua makavu. Angalia kuku wasipande hapa." Nilizoea kumwita mayu, mama kwa Kisukuma.

"Nenda, mwalimu. Mimi nipo."

Niliporudi alikuwa amekaa vilevile, na fimbo ya kufukuzia kuku mkononi. Tukawasha.

Sahani ilitoka safi, ya kahawia kama chai ya rangi. Karibu na katikati palikuwa na doa jeusi, dogo kama punje ya uwele. Nililitazama kwa lenzi. Niliamua ni ganda lililoungua likanaswa. Masizi hayana nguvu ya kupasua kioo kinene. Nikaridhika.

Charles, mtendaji wa kijiji, aliipokea mbele ya watu. Ni mtu wa Songea, kijana mwenye adabu, na tangu aletwe pale amekuwa akihesabu miaka ya kuhamishwa. Aliifunga kwenye kabati la chuma, ufunguo akautia mfuko wa shati.

"Madamu," aliniambia kwa sauti ya chini, "mimi natunza kabati tu. Mengine simo."

Siku za kungoja zilikuwa mbaya kwa Milembe. Hakuna aliyempiga. Walimwacha tu. Alipokwenda kisimani ndoo nyingine ziliondolewa. Alipokwenda kuomba kaa la moto, jirani yake Klementina alisema kwake moto umezimika, na moshi ulikuwa unatoka jikoni wakati anasema.

Milembe alinisimulia hilo anacheka. Sikuelewa kwa nini anacheka.

Siku ya gulio aliamka akajipaka mafuta, akafunga kitenge chake cha kanisani. Tulipofika mbele ya ofisi ya kijiji, watu walikuwa wamejaa, wengine wameacha biashara zao. Klementina alikuwa jikoni kwake pale gulioni, anasonga ugali.

"Milembe, umejipamba hivyo, unaolewa?"

"Naolewa na baba yako. Leo utaniita mama."

Watu wakacheka, hata wasiotaka. Milembe akakaa chini kwenye kivuli cha ukuta, akanyoosha miguu kama mtu aliyemaliza kulima.

Nilikaa kando yake. Mimi niliyekuwa na hakika nilikuwa natokwa na jasho mgongoni. Yeye aliyekuwa na kila kitu cha kupoteza alikuwa anatafuna karanga.

"Mayu, huogopi?"

"Niogope nini, mwalimu? Mambo ni mhola tu." Mhola kwa Kisukuma ni amani, salama. Alinipa karanga.

Ndipo nikaona mkono wake. Tangu nimfahamu, Milembe alivaa kwenye kifundo cha mkono uzi mweusi wenye ushanga mmoja mdogo wa bluu, aliourithi kwa bibi yake. Ni wa masamva, wazee waliotangulia. Hauvuliwi hata wakati wa kuoga. Sasa uzi ulikuwepo. Ushanga haukuwepo.

"Ushanga uko wapi?"

Akacheka, akanisogelea kama msichana mwenye siri.

"Si wewe ulisema? Vioo visivyo ndugu vinagombana."

"Nilisema."

"Basi nikafikiri. Hii chupa ya bia, ndugu yake nani? Imetoka kiwandani, imenywewa baa, imetupwa. Haina mtu. Nikasema, maskini, itagombana na nani, itagombana na mimi." Akanigusa goti. "Nikaitilia ndugu."

"Ulipokuwa unafukuza kuku."

"Katikati. Chini ya kile cha juu. Bibi yangu hapendi ugomvi, mwalimu. Alipokuwa hai hata mbwa walinyamaza."

Doa jeusi. Bluu iliyokolea ndani ya kahawia huonekana nyeusi. Jambo hilo nilikuwa nalijua. Nimewahi kulifundisha.

Nataka niwe mkweli kuhusu nilichohisi, ingawa hisia si kitu ninachokiamini sana. Sikumkasirikia. Nilifanya hesabu. Ushanga wa zamani, kioo cha kigeni, mchanganyiko usiojulikana, umezungukwa pande zote na kioo cha chupa. Kama tofauti ni ndogo, sahani itadumu mpaka tufe wote. Kama ni kubwa, huenda ilikuwa imeshapasuka kabatini tangu juzi. Kujua tofauti yenyewe kulihitaji maabara.

Niliinuka nikamfuata Charles nyuma ya ofisi.

"Fungua kabati niione. Dakika moja."

"Madamu, siwezi."

"Kuna tatizo."

"Basi ndiyo siwezi kabisa." Aliufunika mfuko wa shati kwa kiganja. "Nimeifunga mbele yao, nitaifungua mbele yao. Ukiiona wewe kabla yao, hata ikitoka nzima watasema umeibadilisha. Nasema uongo?"

Hakusema uongo.

"Ahirisha mkutano."

"Halafu mimi nilale wapi leo?"

Nilirudi kwa Milembe. Nilikuwa na njia mbili. Nikisema ukweli kabla, watu watasikia kwamba Milembe aliingiza kitu chake kwa siri ndani ya sahani, na hawatasikia kingine. Nikinyamaza, na ikipasuka, sitakuwa na maelezo, na watamchukua yeye. Katika njia zote mbili mimi nilibaki mgeni, napanda basi kurudi kwetu.

"Mayu, nisikilize. Ukiulizwa chochote, usiseme habari ya ushanga."

"Kwa nini? Ni bibi yangu. Sikumwiba kwa mtu."

"Usiseme tu. Niahidi."

"Haya, mwalimu. Mimi sisemi."

Charles alilitoa kabati lenyewe nje, watu wawili wakilibeba, ili asiwepo wa kudai kwamba kuna kilichofanyika gizani. Akatia ufunguo. Kabati lilikwama. Akalipiga teke, na moyo wangu ulisikia teke lile.

Mlango ukafunguka.

Sahani ilikuwa nzima.

Charles aliiinua juu kwa mikono miwili. Watu wakaguna. Bujiku akaichukua, akaigeuza juani, akapitisha kidole gumba ukingoni mzunguko mzima, taratibu, kama anayekagua meno ya ng'ombe wa mnadani. Kidole kikasimama karibu na katikati.

"Hiki cheusi ni nini?"

"Masizi," nikasema.

Siku nilipoipeleka ningejibu hivyohivyo na ungekuwa ukweli. Sasa ulikuwa uongo, na sauti yangu ilikuwa ileile. Jambo hilo limenisumbua kuliko yote.

Bujiku akaigonga sahani kwa ukucha. Ikalia vizuri. Kisha akavua kofia, akageuka upande wa ukuta alipokaa Milembe, akainama kidogo.

"Mwangaluka, mayu," alisema.

Alimwamkia, akamwita mama. Tangu bakuli lipasuke hakuwa amemwita hata jina. Mwanamke mmoja akapiga vigelegele, wengine wakafuata. Milembe akainuka, akajikung'uta kitenge, akaitikia salamu kwa heshima zote, machozi yanamtoka katika macho yale mekundu.

Nilikuwa nawaza jambo moja tu: niipate sahani ile mkononi, niiangushe njiani kwa bahati mbaya, biashara iishe.

"Mwalimu, nipe nafasi kidogo," alisema Bujiku. Sasa alikuwa mchangamfu, kama mtu aliyeshushwa gunia. "Maneno peke yake hayatoshi. Kesho mtu atasema Bujiku aliogopa mbele ya mtendaji. Mimi nataka nile na mama huyu. Mbele ya watu."

Wazee wa Sungusungu wakasema ndiyo, ndiyo. Nilifahamu uzito wake. Huku hakuna anayekula chombo kimoja na mtu anayemwita mchawi. Akila naye, neno hilo limekufa, na atakayelifufua atajibu yeye.

Milembe angekuwa salama maisha yake yote.

"Klementina! Ugali umeiva?"

"Umeiva, bado unachemka!"

"Lete. Na mboga yako ya nsansa." Bujiku akaiweka sahani juu ya kabati lililolazwa chini, katikati ya watu. "Tutakula humu humu."

Klementina akaja na sufuria, mvuke unamficha uso. Ugali wa mtama, umetoka motoni sasa hivi.

Kioo baridi, chuma chini yake, ugali wa moto juu yake. Na katikati, ushanga. Hapa sikuhitaji maabara.

"Subiri!" nikasema.

Wote wakageuka.

"Ugali upoe kwanza."

Kicheko kikaanza nyuma kikaja mpaka mbele.

"Huko kwao Tukuyu wanakula ndizi," Klementina aliwaambia watu. "Ugali anauogopa."

"Bujiku, chukua sahani nyingine. Hata sinia. Nakuomba."

Kicheko kikapungua.

"Kwa nini?"

"Kioo hakipendi moto wa ghafla."

"Mwalimu, hiki kimetoka kwenye moto." Hakuwa mkali. Alikuwa anauliza kama mwanafunzi mzuri. "Wewe mwenyewe ulisema, hiki ni ndugu watupu. Ndugu watupu wanaogopa ugali?"

Neno moja nililokuwa nalo ndilo lililotufikisha pale.

Sufuria lilikuwa limeinamishwa nusu. Klementina alisita, anamtazama Bujiku, Bujiku ananitazama mimi. Taratibu Bujiku akaiinua sahani, akaielekeza kwenye jua tena, akafumba jicho moja. Akalitafuta doa. Akalipata.

"Mwalimu," alisema, na sasa sauti ilikuwa imeshuka, "humu ndani kuna nini?"

Nikafungua mdomo. Kabla sijatoa sauti nikahisi mkono wa Milembe unaushika wangu, mkavu, wa moto, uzi mweusi ukinikwaruza. Alikuwa anatabasamu kwa wote, kwa Klementina, kwa wazee, kwa Bujiku aliyemwita mama. Aliona aibu yangu, nadhani, akataka kunisaidia.

"Mwambie, mwalimu," alisema, kwa sauti iliyofika mpaka kwa wauza mitumba. "Mimi umenikataza kusema. Mwambie wewe, ni nani yumo humo ndani."